Simba Mwenye Jina: Kuisoma Nyumba ya Elsamere

Kila alasiri, Elsamere hutoa chai. Wageni huketi kwenye nyasi, ziwa likiwa mbele yao, keki zipo mezani, na juu kwenye miti mbega wanangoja mtu asahau sahani yake. Usiku viboko hutoka majini wakaja kula nyasi zile zile. Ni mahali pazuri, nisiseme uongo. Ukiwa umetoka Nairobi na kelele zake unaweza kukaa pale mpaka giza liingie bila kuwaza lolote.

Shida ni kwamba mimi nilikwenda na kitabu.

Kitabu chenyewe ni Born Free cha Joy Adamson, kilichotoka mwaka 1960. Mara ya kwanza nilikisoma nikiwa shuleni, nakala isiyo na jalada, nikalia pale Elsa anapoachwa porini, na kwa miaka mingi nikaamini kwamba ni kitabu kuhusu simba. Safari hii nimekirudia, kurasa nyingine nikiwa pale pale kwenye nyasi, na nimeona kitu ambacho mtoto hawezi kukiona. Ni kitabu kuhusu uhuru kilichoandikwa katika nchi ambayo haikuwa huru, na katika msuko wake wote mhusika pekee anayeruhusiwa kuwa huru ni mnyama. Nyumba ya Elsamere ndiyo mrithi wa kitabu hicho. Imerithi mema yake, na imerithi pia pengo lake. Ndilo ninalotaka tulizungumzie leo.

Tuanze na nyumba, kwa wale ambao hawajafika. Iko upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, katika Bonde la Ufa. Jina lake limeunganishwa na Elsa, yule simba, na neno la kale la Kiingereza lenye maana ya ziwa. Ni nyumba ya enzi za walowezi, ya kutazama maji, yenye nafasi ya kutosha kwa mtu mmoja kuandika na watu wengine kumhudumia. Joy na mumewe George waliinunua mwaka 1967, Kenya ikiwa imepata uhuru mwaka 1963 na walowezi wengi wakiwa wameshafunga virago. George hakuikalia sana. Kuanzia 1970 alihamia Kora, karibu na mto Tana, akaishi huko na simba wake. Joy ndiye aliyeifanya nyumba iwe nyumba. Aliandika humo, akachora humo, na akawatazama mbega na bundi wa bustanini kwa miaka hadi wakapata kitabu chao, Friends from the Forest, kilichotoka mwaka 1981 mwenyewe akiwa ameshafariki. Alitaka nyumba itumike kwa uhifadhi baada yake, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Leo ni makumbusho, ni nyumba ya wageni, na ni kituo ambako wanafunzi huja kujifunza mambo ya mazingira. Ukiingia ndani utaona vitu vyake na michoro yake. Gari la George, Land Rover, nalo limewekwa pale.

Kabla ya nyumba kulikuwa na watu. Hata jina Naivasha ni neno la Kimaasai lililopinda midomoni mwa wageni. Asili yake ni Nai'posha, maji yanayochafuka. Wamaasai walichungia ng'ombe kando ya ziwa hili mpaka mkataba wa 1904, ambao serikali ya kikoloni iliutumia kuwaondoa katika sehemu hii ya Bonde la Ufa, baadhi yao wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwaondoa Laikipia kwenyewe. Kwa hiyo ile nyasi ya kunywea chai ina historia ya kuhamishwa kwa watu kabla haijawa na historia ya kutunzwa kwa wanyama. Simlaumu Joy kwa mwaka 1904; hata kuzaliwa alikuwa bado. Nasema tu kwamba nyumba haianzi siku yule mwenye jina maarufu anapoingia mlangoni.

Sasa turudi kitabuni, na tukitendee haki. Kuna wahakiki wanaokidharau Born Free kwa sababu kilipendwa na watu wengi mno na kwa sababu kilizaa filamu ya 1966 iliyochukua Oscar mbili za muziki. Mimi siwafuati. Joy alifanya jambo ambalo sisi wasomaji wa Kiswahili tunapaswa kuliona haraka kuliko wengine, maana sisi tumelelewa na ngano. Katika ngano simba ni mfalme, fisi ni mlafi, sungura ni mjanja. Simba wa ngano hana jina kwa sababu hahitaji jina. Yeye ni tabia inayotembea. Hata tulipomsoma George Orwell kwa Kiswahili katika Shamba la Wanyama, tulijua toka ukurasa wa kwanza kwamba wale nguruwe ni watu. Mnyama wetu wa fasihi, kwa kawaida, ni kanzu iliyovaliwa na binadamu.

Elsa si kanzu ya mtu yeyote. Ni simba huyu, si yule. Ana namna yake ya kucheza, ana hofu zake, ana siku za kununa. Ana ndugu wawili wa tumbo moja ambao walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, na yeye akabaki. Sehemu bora kabisa ya kitabu ni pale Joy na George wanapogundua kwamba kumfungulia mnyama mlango hakutoshi kumpa uhuru. Elsa amekulia mikononi mwa watu; hajui kuua. Jaribio la kwanza la kumrudisha porini linashindikana. Inabidi afundishwe njaa, inabidi aachwe peke yake kisha achunguzwe, na mwisho anapata makao yake katika pori la Meru. Pale Joy anaandika vizuri sana, kwa sababu anaandika dhidi ya moyo wake mwenyewe. Anamtaka Elsa karibu, na anajua kwamba kumpenda kweli ni kumzoesha kutomhitaji. Ukisoma kurasa zile huku ukifikiria nchi zilizokuwa zikikaribia uhuru mwaka 1960, utasisimka. Uhuru si lango kufunguliwa, kuna kazi baada ya lango. Hilo Joy analijua kabisa kuhusu simba.

Kwa hiyo kipaji cha kuona alikuwa nacho. Swali ni kilielekezwa wapi.

Rudini mwanzo wa kitabu. Kinachoanzisha hadithi nzima ni kifo cha mtu. Mborana mmoja ameuawa na simba, na George, ambaye ni bwana nyama wa wilaya ya mpaka wa kaskazini, anatumwa kumsaka muuaji. Katika msako huo, Februari 1956, simba jike anawarukia, wanampiga risasi, kisha wanagundua kwamba alikuwa analinda watoto wake watatu. Hao watatu ndio wanaoletwa nyumbani, na mmoja wao ndiye Elsa. Sasa tazama hesabu ya majina. Simba watatu wachanga wanapewa majina kabla hatujachoka kugeuza kurasa. Yule Mborana, ambaye bila kifo chake hakuna Elsa, hakuna filamu, hakuna Elsamere, anapita kama sababu ya safari. Hana jina, hana mke, hana mama anayelia. Msimulizi anayeweza kutueleza simba mdogo ananunaje hakuwa na swali la kuuliza kuhusu marehemu.

Wapo wenye majina pia, na lazima niwataje. Nuru ndiye aliyekabidhiwa malezi ya watoto wa simba tangu mwanzo. Makedde, askari wa wanyamapori, ndiye aliyetembea porini na Elsa akiwa na bunduki begani. Ukisoma kwa makini utaona kwamba saa nyingi za maisha ya Elsa alikuwa na wanaume hawa wawili. Bila shaka walimjua. Walijua harufu yake, walijua ni lini anacheza na ni lini hachezi tena. Lakini kitabu kinawatumia kama ngazi: tunapanda juu yao ili tumwone Elsa vizuri. Hatuambiwi Nuru alikuwa akifikiria nini alipokabidhiwa watoto wa mnyama ambaye watu wengi wa kaskazini walimjua kama mwizi wa ng'ombe na muuaji wa wachungaji. Ningelipa pesa nzuri kusoma Born Free iliyosimuliwa na Nuru. Huenda ingekuwa na upendo ule ule na ucheshi zaidi, na pengine hasira kidogo.

Kiswahili chetu kina neno la enzi hizo ambalo tunalitumia bila kulifikiria: boi. Mtumishi wa nyumbani, hata awe na mvi na wajukuu, ni boi. Tulilitoa kwa Kiingereza, ambako maana yake ni mtoto wa kiume, na tukalipokea na dharau yake ndani. Sasa sikieni hii. Mmoja wa simba waliotumika katika filamu ya Born Free, ambaye baadaye George aliishi naye Kora, alikuwa akiitwa Boy. Mwaka 1971 Boy alimuua Stanley, mfanyakazi wa kambi ya George, na George akalazimika kumpiga risasi simba aliyempenda. Mwandishi wa tamthilia angeliogopa kutunga kitu kama hicho, angeona kimezidi. Simba anabeba jina ambalo walowezi waliwaitia watumishi wao, halafu anamuua mfanyakazi. Sidhani kuna aliyekusudia. Lugha huweka kumbukumbu hata pale ambapo wasemaji wamesahau.

Kuna jambo jingine linaloonyesha kwamba Joy hakuwa kipofu kwa watu. Alikuwa mchoraji. Kabla ya Elsa, serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao ya jadi, kabla hayajatoweka. Alisafiri nchi nzima, akachora mamia ya picha, na mwaka 1967, ule ule wa kununua nyumba, akatoa kitabu cha The Peoples of Kenya. Picha zile ni hazina. Familia nyingi leo zingetafuta bila mafanikio kumbukumbu nyingine ya namna mababu walivyovaa. Lakini angalia zilivyoagizwa na zilivyopangwa: zilitakiwa kuonyesha kabila, rika, cheo, sherehe. Mtu anasimama pale kuwakilisha kundi lake.

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nakitafuta. Ngano zetu humfanya mnyama kuwa aina, na binadamu wanaosikiliza ndio watu halisi wenye majina. Kazi ya Joy, ukiichukua yote kwa pamoja, imegeuza mpango huo. Wanyama ni nafsi: Elsa, Pippa duma, Penny chui. Watu ni aina: Mborana, Mturkana, boi wa bustani. Sisemi kwamba aliwachukia watu. Nasema alikuwa na fomu mbili za sanaa, na nafsi aliipeleka katika moja tu.

Wengine mtasema ninamhukumu mtu wa jana kwa macho ya leo. Basi tumwache ajihukumu kwa tarehe zake mwenyewe. Elsa aliletwa nyumbani Februari 1956. Oktoba mwaka huo huo Dedan Kimathi alikamatwa, na Februari 1957 akanyongwa. Elsa alipokuwa akifundishwa kuishi porini, maelfu ya Wakenya walikuwa kizuizini chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Machi 1959, katika kambi ya Hola, mahabusi 11 walipigwa mpaka wakafa. Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960, na mwaka huo huo Born Free ikatoka London, na ulimwengu ukaipokea kwa machozi. Machozi yenyewe yalikuwa ya kweli. Wasomaji wa Uingereza walilia kwa ajili ya kiumbe cha Kenya kilichofunguliwa. Ni kiumbe gani tu.

Ndiyo maana napendekeza, na hili ndilo pendekezo langu kubwa, kwamba Born Free isisomwe peke yake. Ichukueni pamoja na 'Mau Mau' Detainee cha Josiah Mwangi Kariuki, kilichotoka mwaka 1963. Kariuki alikamatwa mwaka 1953, akazungushwa kambi baada ya kambi, akaachiliwa mwaka 1960, mwaka wa Elsa kuingia madukani. Vitabu viwili, nchi moja, miaka ile ile, mada ile ile: kiumbe aliyefungwa anawezaje kubaki mwenyewe, na afanye nini lango likifunguliwa? Kariuki hana viboko wala machweo. Ana waya, ana viboko vya aina nyingine, na ana wenzake ambao anawataja kwa majina kwa sababu anajua kwamba asipowataja yeye, hakuna mwingine atakayewataja. Mwandiko wake ni mkavu kuliko wa Joy. Lakini ukimaliza cha Kariuki ukarudi kwa Elsa, neno "huru" halisomeki tena kama zamani. Na siyo kwamba kimoja kinakifuta kingine. Joy anamsaidia Kariuki pia: anatukumbusha kwamba mwili uliozoea kufungwa huhitaji muda na subira ya wengine ili ujue kwenda.

Moja ya kambi alizopitia Kariuki ni Manyani, kule njia ya Mombasa. Jina lenyewe ni la wanyama. Leo Manyani kuna gereza, na kuna chuo ambako askari wa wanyamapori wa Kenya wanafunzwa kazi. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani uhifadhi wetu ulirithi nyumba nzuri tu, zenye veranda na chai. Ulirithi na ile mingine. Elsamere na Manyani ni urithi wa kipindi kimoja. Kwenye moja tunapiga picha, nyingine tunaipita kwa basi usiku tukiwa tumelala.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alimshughulikia Karen Blixen bila huruma, katika insha iliyoingia katika Moving the Centre, akaonyesha jinsi mpishi na mbwa walivyokaa karibu karibu katika mawazo ya yule mwanamama wa Ngong. Wengi hutaka kuichukua fimbo ile ile wamchape Joy. Mimi nasita, na sababu yangu ni ya kihakiki, si ya upole. Blixen aliwaandika Waafrika sana, na tatizo ni namna alivyowaandika. Joy tatizo lake ni tofauti: macho yake yalikuwa kwingine. Huwezi kumrekebisha Joy kwa kupinga alichosema kuhusu Nuru, maana amesema kidogo. Inabidi kuandika kilichokosekana. Hiyo si kazi ya mhakiki peke yake. Ni ya waandishi, na ni ya nyumba.

Pengo hili lina mwisho wake wa kusikitisha. Tarehe 3 Januari 1980 Joy alikutwa amekufa katika hifadhi ya Shaba, alikokuwa akimlea chui Penny. Habari za kwanza zilizoenea duniani zilisema ameuawa na simba. Kisha ukweli ukatoka: jeraha halikuwa la simba. Kijana aliyewahi kuwa mfanyakazi wake akashitakiwa na kupatikana na hatia. Tafakarini ile habari ya kwanza kama wasomaji wa hadithi. Kwa nini iliaminika haraka hivyo? Kwa sababu ndiyo iliyofuata msuko. Katika dunia ya Born Free mambo makubwa hutokea kati ya mwanamke na simba. Mfanyakazi hawezi kuwa na nguvu ya kubadilisha hadithi. Alipotokea katika ukurasa wa mwisho, wasomaji walishangaa ametoka wapi. Alikuwapo siku zote. Hilo halihalalishi mauaji hata kidogo, na Joy alistahili kuzeeka mbele ya ziwa lake kama mtu yeyote. Linaonyesha tu hatari ya kuishi katikati ya watu ambao hadithi yako haina nafasi yao.

Miaka 9 baadaye, tarehe 20 Agosti 1989, George naye aliuawa Kora na majambazi wenye silaha. Vyombo vya habari vikaandika kwamba Baba ya Simba amekufa. Aliuawa pamoja na wafanyakazi wake wawili. Ukitaka zoezi, waulize watu watatu wanaoijua hadithi ya George wakutajie hata jina moja kati ya hao wawili. Na hilo "Baba ya Simba" nalo, ndugu zangu wa sarufi, mmelisikia? Baba wa Simba, tungesahihisha shuleni. Lakini ndicho Kiswahili cha kambini na cha bara, kilichotengenezwa na watu waliofanya kazi pamoja bila kugawana lugha ya nyumbani. Wafanyakazi wasio na majina katika habari wameacha alama yao ya vidole katika sifa ya bwana mwenyewe. Hilo hunifurahisha kila mara.

Basi tufanye nini na Elsamere? Wapo wanaosema nyumba kama hizi zifungwe, au zigeuzwe kitu kingine kisichokuwa na harufu ya mlowezi. Siko nao. Sehemu kubwa ya mrabaha wa vitabu vya Elsa ilikwenda kwenye uhifadhi, na mbuga zetu zilifaidika. Ziwa Naivasha limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani tangu 1995, na linahitaji kila jicho linaloweza kulitazama. Linazungukwa na mashamba ya maua yanayonywa maji yake na kuajiri maelfu ya watu. Tangu 2020 maji yamepanda mara kwa mara na kuzifukuza familia za mtaa wa Kihoto kutoka nyumbani mwao. Mtoto anayekuja Elsamere kujifunza kwa nini ziwa linapanda anafanya jambo la maana kuliko mimi na kitabu changu. Kwangu, yule mtoto mwenye daftari ndiye utetezi bora wa nyumba ile. Joy aliiacha ili ifunze, na inafunza.

Ninachotaka ni somo liongezwe. Mtoto yule atafunzwa kwamba mbega wale wana familia, wana mipaka, na mmoja mmoja anaweza kutambulika. Vizuri. Aambiwe vilevile kwamba palikuwa na Nuru na Makedde, na kwamba Mborana mmoja alikufa ili hadithi ianze. Aambiwe ziwa lilikuwa na jina kabla ya ramani. Aambiwe mwaka 1956 ulikuwa na habari zaidi ya moja. Haitapunguza uzuri wa Elsa. Mimi nimekisoma kitabu hiki nikiwa najua yote hayo, na pale Elsa anapobaki peke yake kando ya mto nikajikuta nimeweka kikombe chini. Bado kinauma. Kitabu kibovu kisingestahimili maswali haya. Hiki kimestahimili, na ndiyo maana ninawaambia mkisome, wala msikisome peke yake.

Jioni ile, kabla hatujaondoka, mhudumu alikuja kukusanya vikombe akamfukuza mbega aliyekuwa ameshika kipande cha keki. Alimwita kwa jina, akamkaripia kama mtu anavyomkaripia mtoto wa jirani. Sote tukacheka. Mgeni mmoja akauliza mara moja mbega yule anaitwa nani, na mhudumu akamjibu. Nilikuwa ndani ya gari, tumeshafika barabarani, ndipo nikatambua kwamba hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo na hoja zangu zote, aliyemuuliza mhudumu jina lake.